Nimepuliza dawa mara tatu na kunguni wanarudi. Nifanye nini?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Igogo hapa Mwanza, nimepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji sita. Kunguni wametushinda. Nimenunua dawa kwa wale wanaopita mtaani na spika, nikapuliza mara tatu. Kila nikipuliza wanapotea kama wiki mbili, kisha wanarudi wengi kuliko mwanzo. Mtoto wangu wa mwisho amejaa vidonda vya kujikuna. Mume wangu anavua dagaa visiwani, anarudi nyumbani wakati wa mbalamwezi, naye anasema ni uchafu wangu. Jirani ananishauri nitupe kitanda na godoro nianze upya, au nitumie vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, eti vinamaliza kazi kwa siku moja. Je, kuna dawa ya kuwamaliza kabisa? Na je, wanaweza kumwambukiza mtoto UKIMWI?
Mama wa watoto watatu, Igogo

JIBU

Dada yangu, nianze na hivyo vidonge, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Usiingize hata kimoja ndani ya nyumba. Vidonge vya kuhifadhia mahindi vina alumini fosfaidi, ambayo ikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua dumuzi ndani ya pipa lililofungwa, na inaua mtu vilevile. Katika nyumba nyingi za kupanga, ukuta wa chumba hauendi mpaka kwenye bati. Juu kuna uwazi, au dari moja inayopita vyumba vyote. Ukiweka kidonge chini ya godoro lako usiku, anayeweza kuamka maiti ni mtoto wa mpangaji wa chumba cha tatu. Na sumu hiyo haina dawa ya kuipinga. Hospitali watamsaidia mgonjwa kupumua na kutunza moyo wake, basi. Kama jirani yako ameshaviweka kwake, watu wote watoke nje leo hii, milango na madirisha yaachwe wazi, asivimwagie maji wala kuvikusanya kwa mikono, na mpigieni simu Zimamoto kwa namba 114.

Hofu hiyo hiyo ninayo kwa dawa za pamba, dawa za nyanya na dawa za kuogeshea ng'ombe, ambazo huku Kanda ya Ziwa zinapatikana kirahisi na watu wanazimimina kwenye magodoro. Nyingine zinauzwa mitaani kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina lebo, hazina jina. Hujui umenunua nini, na mtoto akiiona chupa hiyo mezani atajua ni maji. Mtu aliyezidiwa na dawa za aina hii anatokwa na mate na jasho jingi, anatapika, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinabana. Ukiona dalili hizo usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mvue nguo zilizoloana dawa, mwoshe kwa maji na sabuni, mkimbize kituo cha afya kilicho karibu au hospitali kama Sekou Toure au Bugando, ukiwa na hiyo chupa mkononi ili daktari aione. Petroli na mafuta ya taa nayo yaache: moto wa kibatari kimoja unateketeza nyumba nzima, na kunguni aliyejificha ndani ya ufa hata hajaguswa.

Sasa kuhusu UKIMWI. Hapana, kunguni hawaambukizi UKIMWI, na hakuna ushahidi kwamba wanamwambukiza mtu homa ya ini wala malaria. Wanachofanya ni kunyonya damu, kuwasha, na kuwanyima watu usingizi. Hilo peke yake ni tatizo kubwa; mtoto asiyelala usiku anasinzia darasani mchana. Vidonda unavyoviona vinatokana na kucha. Mkate kucha ziwe fupi, mwoshe kwa maji na sabuni asubuhi na jioni, mpake losheni ya kalamini, na umwombe mfamasia dawa ya kupunguza muwasho inayolingana na umri wake. Kidonda kikitoa usaha, kikivimba au akipata homa, mpeleke kituo cha afya. Mwangalie pia katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono: muwasho ukikaa hapo sana, na ninyi wengine mnajikuna hapo hapo, huenda ni upele, na upele una tiba yake.

Na huo uchafu anaousema shemeji yangu, mwambie kwa upole kwamba kunguni hali uchafu. Anakula damu, na damu yako ni ile ile uwe umepiga deki au hujapiga. Mwaka 2023 Wafaransa walihangaika na kunguni mpaka kwenye majumba ya sinema na treni za Paris, na serikali yao ikaitisha vikao kwa ajili hiyo. Kitu kimoja tu nitakubaliana naye: vitu vilivyorundikana chini ya kitanda na kando ya ukuta vinawapa kunguni pa kujificha na vinakupa wewe kazi kubwa zaidi. Ila aibu iondoe kabisa, kwa sababu aibu ndiyo inayofanya wapangaji sita wafichane, kila mmoja apulizie kimyakimya, na kunguni wazunguke vyumba.

Kwa nini wiki mbili

Hizo wiki mbili ulizozitaja zinanieleza karibu kila kitu. Dawa nyingi za kupuliza zinaua kunguni anayetembea, lakini haziwezi kupenya ganda la yai. Jike mmoja hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na katika uhai wake mayai mamia. Yai ni jeupe, lina urefu wa milimita 1, limegandishwa kwa gundi ndani ya ufa ambako ufagio haufiki. Kwa joto la Mwanza yai linaanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi. Kitoto kinachotoka kinahitaji kunyonya damu na kujivua ganda mara tano kabla hajawa mkubwa wa kutaga. Safari hiyo yote, kutoka yai mpaka mtagaji, inachukua mwezi mmoja na zaidi kidogo.

Kwa hiyo uliyemuua mara tatu ni mzazi. Mayai yalibaki, yakaanguliwa, ukayaona matokeo wiki ya pili, ukapuliza tena baada ya wengine kuwa wameshataga. Ukishaijua kalenda yao unaweza kuwatangulia: fanya kazi ya nguvu siku ya kwanza, halafu urudie kila wiki bila kuruka, kwa wiki sita hadi nane, ili kila kinachoanguliwa kikutwe kabla hakijafika umri wa kutaga. Hakuna dawa ninayoijua inayoweza kufidia kuruka wiki mbili za kazi hiyo. Nasema hivyo nikijua jinsi unavyochoka, lakini ningekuwa nakudanganya nikikutajia chupa moja ya kumaliza.

Kuna sababu ya pili. Dawa zinazouzwa sana mitaani na kwenye makopo ya kupuliza ni za jamii ya pairethroidi, na kunguni wengi wa leo wamezizoea. Hapa nchini hili si geni. Kwenye vijiji vya mkoa wa Tanga vilivyoanza mapema kutumia vyandarua vyenye dawa, kunguni mwanzoni walitoweka na watu wakafurahi. Miaka michache baadaye wakarudi, na watafiti waliowapima walikuta dawa ile haiwaui tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Wanawake wengi wameniuliza mbona chandarua kipya hakiwafukuzi kunguni, wengine wakakivua na kukitupa kwa hasira. Naomba usifanye hivyo. Chandarua ni kwa ajili ya mbu, na pwani hii ya ziwa malaria inaua. Baki nacho, kioshe taratibu kwa maji baridi na sabuni ya mche, kianike kivulini, na ukague pindo na zile pembe nne zenye vitanzi, maana hapo kunguni wanapenda kukaa.

Dawa inayowaudhi bila kuwaua ina ubaya mwingine: inawatawanya. Waliokuwa wamekusanyika kwenye kitanda kimoja wanahamia nyuma ya fremu ya mlango, kwenye kochi, kwenye dari, kwa jirani. Ndiyo maana unasema wanarudi wengi kuliko mwanzo.

Siku ya kwanza

Chagua siku yenye jua, uwe na msaidizi mmoja, tochi ya simu, njiti ya chelewa, beseni la maji ya sabuni, mifuko mikubwa myeusi na sufuria mbili za maji ya moto jikoni. Usivihamishe vitu kwenda chumba cha pili. Kila kitu kikaguliwe pale pale kilipo, kisha kitoke moja kwa moja kwenda nje kikiwa kwenye mfuko uliofungwa.

Anza na kitanda, kwa sababu kunguni wengi hawakai mbali na mtu anayelala. Vua shuka na foronya ukizikunja kwa ndani, zitie mfukoni, funga. Lisimamishe godoro, pitisha tochi polepole kwenye mshono wa pembeni na chini ya lebo. Halafu toa chaga moja moja. Chukua ile njiti ya chelewa, ichomeke pale tendegu linapoungana na ubavu wa kitanda, izungushe, ivute. Ikitoka na ncha yenye madoa meusi yanayopaka ukiyasugua na kitambaa chenye maji, hicho ni kinyesi chao, yaani damu yako iliyomeng'enywa. Utaona pia maganda mepesi ya rangi ya kahawia kama pumba za mahindi, na kwenye tundu la skrubu unaweza kukuta familia nzima: wakubwa wa milimita 5, bapa, wekundu wa kahawia, na vitoto vyeupe karibu visionekane mpaka vishibe damu. Kama kitanda ni cha chuma, vua vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha za bomba. Watu wanasafisha kitanda kizima wanaacha humo, na ndani ya bomba ndimo wengi wanamolala.

Utakaowaona waponde au watumbukize kwenye maji ya sabuni. Kisha mimina maji yanayochemka. Joto ndilo silaha yako kuu, kwa sababu kunguni hawezi kulizoea kama alivyozoea dawa, na linaua yai pamoja na mzazi. Wakipata nyuzijoto 50 za Selsiasi wanakufa wote kwa muda mfupi. Maji yanayochemka yana karibu 100, lakini yanapoa haraka yakigusa mbao, hivyo mimina taratibu na karibu, kwenye kila kiungo na kila tundu, robo lita kwa kiungo ni bora kuliko ndoo nzima iliyorushwa juu juu. Kitanda kitolewe nje kwa kazi hii, watoto wawe mbali, na usimwage maji karibu na soketi.

Nguo, shuka na blanketi zilowekwe kwenye maji ya moto yasiyoweza kuvumilika mkononi, zikauke juani, na za pamba zipigwe pasi, ukikawia kwenye mishono. Visivyofuliwa, kama viatu, mabegi ya shule na midoli ya kitambaa, vitie kwenye mfuko mweusi, usiujaze, ufunge, uuweke juu ya bati au juu ya mwamba, na Igogo miamba hamjakosa. Uache tangu saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni, ukiugeuza mara mbili tatu. Kabla hujauamini ingiza mkono katikati ya vitu: pasipokuwa moto kiasi cha kukuumiza, kunguni wako hai. Hii ndiyo sababu kuanika godoro peke yake uwanjani hakusaidii sana. Upande wa jua unapata moto, wao wanahamia upande wa kivuli, jioni unawarudisha ndani.

Kochi usilisahau. Lipindue, toa kile kitambaa cheusi kilichopigwa pini chini, angalia kwenye pembe za mbao. Ukuta nao uugonge kidogo: plasta iliyobanduka na nyufa za kandokando ya fremu ya dirisha zizibe kwa saruji, kisha upake chokaa. Ufa uliozibwa vizuri ni mahali ambapo hutalazimika kupakagua tena milele, na mfuko mdogo wa saruji unagharimu kidogo kuliko dawa za mwezi.

Godoro lako usilitupe

Ukilitupa leo na kununua jipya, usiku wa kwanza waliobaki kwenye mbao watapanda jipya. Tena ukilikokota kwenye korido utawadondosha njia nzima, na likifika jalalani kuna mtu atalichukua akalalie. Godoro ambalo halijachanika lisugue mishono kwa brashi ngumu, ponda unaowaona, kisha lifunike lote. Nenda kwa fundi cherehani akushonee foronya ya godoro ya kitambaa kizito chenye zipu, pande zote sita, bila upenyo. Ile nailoni ya godoro jipya nayo inafaa ukiiziba kwa seloteipu na kuweka shuka nene juu, isipokuwa kwenye kitanda cha mtoto mchanga, maana inaweza kumziba pumzi. Waliobaki ndani watakufa njaa. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, na penye baridi anaweza kufikisha mwaka, kwa hiyo usilifungue kabla ya mwaka kwisha. Kama limechanika mpaka sponji inaonekana, hapo ndipo ulitupe, ukilifunga kwanza, ukalichana kwa kisu na kuliandika KUNGUNI kwa herufi kubwa ili asiliokote mwingine.

Kitanda kiwe kisiwa

Rudisha kitanda ndani, kiwe mbali na ukuta kwa shibiri moja, shuka na chandarua visiguse sakafu. Sasa kila kunguni anayekuja kutoka ukutani anabaki na njia moja, miguu ya kitanda. Weka kila tendegu ndani ya kopo. Wengi wanashauri bakuli laini la plastiki tupu, kwamba kunguni hawezi kupanda ukuta wake. Ushauri huo unatoka nchi za baridi. Kunguni aliyezoeleka zaidi kwenye nchi za joto, Cimex hemipterus, ana vinyweleo vingi zaidi miguuni na anapanda plastiki laini bila shida. Kwetu kopo lazima liwe na kitu ndani: mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika, au maji yenye sabuni ya unga. Maji matupu usiweke, utafuga viluwiluwi vya mbu chini ya kitanda. Badilisha kila Jumamosi, na uhesabu waliozama. Idadi hiyo ndiyo kipimo chako cha kweli, kuliko alama mwilini, kwa sababu watu wengine wakiumwa hawavimbi kabisa na wengine alama zinatokea siku kadhaa baadaye.

Usisahau kamba ya chandarua. Wanaotoka darini wanashuka nayo. Paka mafuta ya mgando urefu wa kiganja karibu na msumari, uyapake upya yakishika vumbi.

Ukishamaliza hayo, laleni kwenye kitanda hicho hicho. Najua hamu ya kuhamia sebuleni, lakini kunguni wanafuata joto la mwili na pumzi yako. Ukilala kwenye kochi utawapeleka huko na vyumba viwili vitakuwa na kunguni badala ya kimoja.

Begi la kambini

Hapa nataka uzungumze na mumeo, na si kwa kumrudishia lawama. Anarudi kila mbalamwezi kwa sababu dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa, na hilo lina maana kwamba kila mwezi begi na blanketi vilivyolala kambini, kwenye vitanda vinavyolaliwa kwa zamu na watu wanaotoka mialo mbalimbali, vinaingia chumbani kwako. Unaweza kufanya kila nilichosema na jike mmoja mwenye mayai akaja na kivuko. Begi lisivuke mlango. Lifunguliwe nje, nguo zote ziende kwenye maji ya moto siku hiyo hiyo, begi lenyewe liende kwenye mfuko mweusi juani. Anaporudi kambini apewe blanketi moja la huko huko, lisirudi nyumbani tena. Akifanya hivyo yeye, ameshafanya nusu ya kazi, na ningefurahi sana ukimsomea kipande hiki mwenyewe. Tranka la mtoto anayesoma bweni, kochi la mitumba na kitanda cha kununua kwa mtu anayehama, vyote vikaguliwe nje kwa njia hiyo hiyo kabla havijaingia.

Wapangaji sita, siku moja

Kaeni kikao, pamoja na mwenye nyumba. Kama anasita, mwenyekiti wa mtaa anaweza kumwita. Chumba kimoja kikiachwa, vitano vimepoteza muda. Mkubaliane Jumamosi moja, kila mtu atoe kitanda chake uani, maji yachemshwe kwa mkaa wa kuchangiana. Aliye mgonjwa au mzee peke yake asaidiwe. Mara nyingi chumba chake ndicho chenye kunguni wengi, kwa sababu hana nguvu za kuinua godoro.

Dawa bado ina nafasi, baada ya kazi ya mikono. Mkichanga fedha mumwite mpulizaji, mwulizeni aonyeshe chombo halisi cha dawa chenye lebo na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na awaambie kiini cha dawa ni nini na kama ni jamii tofauti na zile zilizoshindwa. Awaeleze mtakaa nje saa ngapi. La muhimu kuliko yote, aseme atarudi lini: anayejua kazi atapanga kurudi baada ya siku 10 hadi 14, na bei yake itakuwa na safari hizo mbili ndani yake. Anayekuahidi kumaliza kwa mara moja na hataki kutoa lebo, mwacheni aende. Dawa ielekezwe kwenye nyufa, viungo vya kitanda na kandokando ya ukuta. Isipulizwe juu ya shuka, midoli, vyombo, wala mahali ngozi ya mtoto inagusa. Mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu wakae mbali mpaka pakauke na pafunguliwe madirisha.

Mwarobaini, chumvi, magadi, sabuni ya unga iliyonyunyizwa sakafuni: nimeulizwa sana. Havimalizi kunguni, na muda unaotumia kuvinyunyiza ungeweza kuchemsha sufuria moja zaidi.

Jumamosi ya pili na ya tatu usishangae ukikuta vitoto vyeupe kwenye makopo. Hao ni mayai ya zamani yaliyoanguliwa, na wamezama kabla ya kufika kwako. Rudia maji ya moto kwenye viungo vya kitanda kila wiki, hata kama hujaona kitu. Zikipita wiki nane mfululizo makopo yakiwa matupu, njiti ya chelewa ikitoka safi na shuka hazina tone la damu, mmewaondoa. Makopo yaacheni hapo hapo hata hivyo, kwa ajili ya wageni na mabegi. Ikifika wiki ya sita na bado unawakuta wakubwa walioshiba, wapo mahali hamjapafikia, na mara nyingi ni darini au kwenye chumba ambacho mwenyewe hakushiriki. Watie wawili watatu kwenye kichupa chenye kifuniko, uende nacho kwa afisa afya wa kata yako, umwombe aje aikague nyumba yote, dari ikiwemo.